Bastola moja, watu wanne ndani ya gari: inawezekanaje wote washtakiwe?

DadaMkubwa

Habari zenu humu ndani. Naomba mnisaidie mawazo maana nimechanganyikiwa.

Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, alikamatwa usiku wa Ijumaa hapa jimbo la New York tunakoishi. Walikuwa vijana wanne kwenye gari la rafiki yao, wanatoka harusini. Saa saba na dakika arobaini usiku polisi wakawasimamisha, wakasema taa moja ya nyuma haiwaki. Mdogo wangu alikuwa siti ya nyuma, nyuma ya abiria wa mbele. Kilichoendelea hapo katikati sikijui vizuri, ila mwisho wa habari wakatoa bastola chini ya siti ya yule abiria wa mbele. Ilikuwa imeviringishwa kwenye soksi nyeusi, na ina risasi. Wote wanne wakapigwa pingu, kila mmoja na hati yake ya mashtaka, maneno yale yale.

Gari si lake. Soksi si yake. Hana rekodi yoyote, hata tiketi ya kuegesha gari. Tuna grinkadi, tulikuja kama wakimbizi.

Bastola ni moja. Sasa watu wanne wanapatikanaje wote na bastola moja? Kwani serikali si lazima kwanza ithibitishe ni ya nani? Wakili aliyepewa na mahakama alinieleza kama dakika kumi, Kiingereza cha haraka haraka, nikaambulia maneno mawili tu, "constructive possession". Nilipoyaweka kwenye simu initafsirie ikaniambia "milki ya ujenzi". Nikabaki nashangaa, nani anajenga nini?

Kigongo77

Pole sana sister. Usiwe na wasiwasi, hawana kesi hapo. Bila alama za vidole hiyo ni hewa tu. Mwambie dogo akomae na neno moja, "si yangu", mpaka mwisho. Na wenzake nao waseme hivyo hivyo. Wote wakikataa, hakimu atamfunga nani?

Mkalimani wa Zamu

Kigongo, mwanangu, huo ushauri wako nimewahi kuutafsiri mahakamani neno kwa neno, kutoka kinywani mwa kijana aliyeamini kama unavyoamini wewe. Ngoja nieleze.

Dada, pole. Mimi ni mkalimani wa mahakama, Kiswahili na Kiingereza, mwaka wa 16 huu, na zamani kidogo nilifanya kazi mahakama za huko huko New York. Si wakili. Wakili wa mdogo wako ndiye wa kumsikiliza, na mkalimani ni haki yenu mahakamani, mwombeni. Ila hilo neno lililokutesa kwenye simu ndilo lililonitesa mimi kwa miaka, kwa hiyo nitakuambia ninavyolielewa.

Hakuna anayejenga kitu. Sheria inatambua njia mbili za "kuwa na" kitu. Ya kwanza ni ile anayoijua kila mtu: kiko mkononi, mfukoni, kiunoni. Ya pili ni kwamba hujakishika, lakini kiko chini ya amri yako. Mfano ninaoutumia ni funguo za nyumba. Wewe uko kazini, sufuria zako ziko nyumbani. Mkononi huna hata kijiko, lakini nani atasema huna sufuria? Wakati mwingine ziko kwako ila ni za jirani, umeziazima. Si zako, lakini unazo.

Umeona hapo? "Si zangu" na "sinazo" ni vitu viwili. Huu ndio mtego, na Kiswahili chetu cha mtaani kinausaidia kunasa. Watu wengi wanatafsiri shtaka hili kuwa "kumiliki silaha". Mshtakiwa akisikia "kumiliki" anajibu kwa dhati kabisa kwamba hamiliki, ni ya fulani. Amejibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyeuliza nani aliinunua. Wanauliza nani alikuwa nayo usiku ule. Mahakama za nyumbani zina neno zuri zaidi, "kupatikana na", na mimi ndilo ninalolitumia.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: hapana, serikali si lazima ithibitishe bastola ni ya nani. Na watu wawili, watatu, hata wanne wanaweza kuwa na kitu kimoja kwa pamoja, kama mke na mume walivyo na gari moja.

Lakini usizimie. Sijamaliza.

Sheria ya adhabu ya New York inasema kuwa na kitu ni kukishika, ama vinginevyo kuwa na himaya au mamlaka juu yake. Jaji akiwaeleza juri, wale raia wanaoamua kesi, anawaambia waangalie kama mshtakiwa alikuwa na udhibiti wa mahali kilipokutwa, au wa mtu aliyekutwa nacho, kiasi cha kuweza kukitumia au kukiondoa. Na lazima awe alijua kipo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Henderson, ililiweka vizuri kwa upande wa sheria za shirikisho: ni kuwa na uwezo na nia ya kukitawala kitu hata kama hukukigusa. Uwezo peke yake hautoshi. Mimi nina uwezo wa kunyoosha mkono nikachukua simu ya aliyekaa pembeni yangu kwenye basi, simu haijawa yangu kwa hilo wala "sinayo".

Kukaa karibu na kitu, basi, si kosa. Kwa kawaida hapo ndipo upande wa mashtaka hutoa jasho. Kujua kuko kichwani mwa mtu na hakuna anayepiga picha kichwa, kwa hiyo wanaokota vipande: nani mwenye gari, alikaa wapi, kitu kilionekana au kilifichwa, nani aliinama gari liliposimama, kulikuwa na barua au dawa yenye jina la nani pale pale kilipokuwa, nani alikimbia, nani alisema uongo kuhusu anakotoka. Kila kipande peke yake ni chepesi.

Sasa habari mbaya. Mko New York.

DadaMkubwa

Shikamoo mama. Nashukuru sana, leo ndiyo mara ya kwanza nimeelewa. New York ina nini?

Mkalimani wa Zamu

Marahaba.

New York ina kifungu cha peke yake, 265.15, kifungu kidogo cha 3. Kinasema bunduki ikikutwa ndani ya gari, kuwepo kwake pale ni ushahidi wa kudhaniwa kwamba wote waliokuwa ndani ya gari walikuwa nayo. Wote. Ndiyo maana hati za mashtaka zinafanana. Askari hakukosea kunakili.

Kuna mahali dhana hiyo haiingii. Gari la wizi, basi la abiria. Ikikutwa mwilini mwa mmoja wao, dhana inawaachia wengine. Ikiwa mmoja wao ana kibali halali cha kubeba bastola na hakuwemo kwa kulazimishwa. Na dereva wa kukodiwa, mwenye leseni, aliyekuwa kazini kwa haki, naye inamruka.

Kesi iliyolipima jambo hili ni ya zamani kuliko wewe. Machi 1973, gari lilisimamishwa kwenye barabara kuu ya New York kwa mwendo kasi. Ndani wanaume watatu na msichana wa miaka 16. Gari lenyewe dereva alikuwa ameliazima kwa kaka yake. Askari akachungulia dirishani akaona bastola mbili kubwa zimepishana kwenye mkoba ulio wazi, mbele, upande wa yule msichana. Kwenye buti, ambalo funguo yake haikuonekana wakalibandua, kukawa na bunduki ya rashasha na heroini. Juri wakawatia wote wanne hatiani kwa zile bastola mbili, na wakawaachia wote kwa vilivyokuwa kwenye buti.

Hebu litafakari hilo kidogo. Watu wale wale, gari lile lile, siku ile ile. Kilichoonekana kikawafunga, kilichofungiwa nyuma hakikuwafunga.

Kesi ikapanda mpaka Washington, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu, kura tano kwa nne, ikasema dhana ile inakubalika kwa mazingira yale. Majaji walio wengi hawakuona mantiki ya kumtwisha msichana peke yake: bastola zilikuwa kubwa kuliko mkoba, zimetokeza nje, kila mtu anaziona. Lakini wakasisitiza jambo moja ambalo wakili wa mdogo wako analijua kama jina lake. Dhana hiyo ni ruhusa, si amri. Juri wanaruhusiwa kuifuata, hawalazimiki. Wanaweza kuitupa hata kama mshtakiwa hakuleta shahidi hata mmoja. Mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka haujawahi kutoka begani mwa serikali.

Sasa linganisha mkoba ulio wazi na soksi nyeusi chini ya siti.

Suka wa Usiku

Naomba kuchomekea hapo kwa dereva wa kukodiwa, maana mimi naendesha usiku New York. Hiyo ruhusa ni ya dereva tu, abiria wako wote dhana inawashika. Na ni pale uko kazini kweli. Ukimbeba binamu yako bure kumpeleka kwa shangazi, usidhani kibandiko cha kioo kitakusemea. Mimi kila nikishusha mtu nawasha taa ya ndani nachungulia chini ya siti. Nimeshaokota meno ya bandia, kiatu kimoja cha mtoto, na siku moja kisu kirefu cha jikoni kwenye mfuko wa karanga. Sikukigusa. Nilipiga simu na nikasubiri.

Kigongo77

Bi mkubwa nimekusoma. Lakini alama za vidole vipi? Mbona kwenye sinema bila hizo hakuna kesi?

Mkalimani wa Zamu

Sinema, mwanangu. Kwenye bastola, alama safi za vidole ni jambo la nadra. Mpini umekwaruzwa makusudi usiteleze, chuma kina mafuta, hapo kidole kinaacha ukungu tu. Siku hizi wanasugua pamba kutafuta vinasaba, na mara nyingi wanarudi na mchanganyiko wa watu kadhaa. Kukosekana kwa vinasaba vyako kunasaidia lakini hakukuondoi, kwa sababu shtaka si kwamba uliishika. Kuonekana kwa vinasaba nako kuna maswali yake: soksi inafuliwa na nguo za nani, siti inakaliwa na nani?

Acha nikuelezeni kesi moja. Nimebadili vitu vidogo vidogo wenyewe wasitambulike. Kijana alikuwa nyuma, kama huyu wa dada. Bastola chini ya siti ya dereva. Upande wa mashtaka ulikuwa na picha kubwa, wakaiweka kwenye skrini: siti, zulia, na bastola imelala pale peupe, yaani hata kipofu angeiona. Nikawaona juri wanatazamana. Mimi nimekaa ubavuni mwa mshtakiwa namnong'oneza, na kumbe mwenyewe anatetemeka goti, meza inatikisika kidogo.

Wakili wake, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, akasimama akamuuliza askari swali moja lililonitoa jasho mimi, maana sikuwa na neno la haraka: "Kabla ya kupiga picha hii, siti ilikuwa wapi kwenye reli zake?" Nilisita kwenye "reli". Nikasema vyuma vinavyotelezesha siti. Askari akajibu kuwa alikuwa ameisogeza siti mbele kabisa ili aifikie bastola. Ilikuwa imerudi nyuma kiasi gani mwanzo? Hakukumbuka. Kuna picha ya kabla ya kusogeza? Hakuna. Na tochi ulikuwa nayo? Ndiyo. Ulipiga magoti? Ndiyo, goti moja, nje ya mlango wa dereva.

Kwa hiyo juri walikuwa wanatazama kile alichokiona mtu aliyepiga goti nje, mwenye tochi, baada ya siti kusogezwa. Kijana alikuwa amekaa nyuma, gizani, magoti yake yamegusa mgongo wa siti.

Juri walipoingia kujadiliana walituma kikaratasi, jaji akakisoma: wanaomba wasomewe tena maana ya "kuwa na". Saa moja baadaye kikaratasi kingine, ombi lile lile. Watu 12 wazima, Kiingereza ni lugha ya mama zao, na neno dogo hivyo limewakwama kooni. Nilijisikia nafuu, sitaficha. Matokeo sitakuambia, dada, maana utayachukua kama utabiri wa kesi yenu na kila kesi ina siti yake.

Mwambie wakili aulize picha zilipigwa lini na siti ilikuwa wapi. Atakuwa ameshawaza, lakini kumuuliza si kosa. Video za kamera za kifuani za askari vilevile.

DadaMkubwa

Mama, Mungu akubariki. Nimemwandikia wakili barua pepe kuhusu siti sasa hivi.

Kuna jambo lingine. Mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba askari walipomuuliza pale barabarani aliwajibu

*[Msimamizi: sehemu iliyobaki ya chapisho hili imefutwa kwa ombi la aliyeandika.]*

Mkalimani wa Zamu

Asante msimamizi kwa kuwahi.

Dada, sikufokei, najua ni uchungu. Lakini jukwaa hili linasomwa na yeyote mwenye simu, na mwendesha mashtaka ana simu. Alichokisema mdogo wako anakisikia wakili wake peke yake. Si mimi, si mchungaji, si wewe kwenye simu ya jela. Hilo la simu nitalirudia.

Nizungumze kwa mfano wa mtu mwingine kabisa. Tuseme gari limesimamishwa, bastola imetoka, na abiria anamwambia askari: "Si yangu, na nilimwambia asije nayo." Yeye anaona amejitetea mara mbili. Ukiisikiliza kwa sikio la mahakama, nusu ya kwanza haina uzito mkubwa, kwa sababu ile ile ya umiliki na kupatikana. Nusu ya pili ndiyo nzito: amekiri alijua ipo. Kile kitu kigumu kuliko vyote kuthibitisha, kilichoko kichwani, amekitoa mwenyewe akakiweka juu ya boneti.

Hata hivyo kujua peke yake hakujamaliza kazi. Lazima bado waonyeshe himaya. Mtu anaweza kujua, akachukia, akaomba itolewe, na isiwe chini ya amri yake hata kidogo. Wakili mzuri anaweza kuigeuza sentensi ile ile ikawa ushahidi kwamba bastola ilikuwa na mwenyewe mmoja na huyu hakuwa na sauti juu yake. Sasa unaona kwa nini namna ya kuisema, nani aliuliza, kwa lugha gani, kama alikuwa tayari chini ya ulinzi na kama alisomewa haki zake, yote ni kazi ya wakili. Kesi ya Miranda ya mwaka 1966 ndiyo iliyoleta yale maneno ya "una haki ya kukaa kimya". Watu wetu wanayasikia kama salamu. Kwetu ukinyamaza mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu, kwa hiyo kijana anajieleza, anajieleza, anajieleza.

Na Kigongo, ule ushauri kwamba wote wanne wapatane kusema neno moja, naomba usimpe mtu tena. Kila mmoja atakuwa na wakili wake kwa sababu maslahi yao yanagongana. Wakishapanga maneno, wa kwanza kukata tamaa atakwenda kueleza na mpango wenyewe.

Kigongo77

Nimeelewa bi mkubwa, nafuta. Ila hata mimi niliuliza nikijua kuna watu watanirekebisha, sasa hapo nimekosea nini 😅

Lakini swali la kweli: kama kumshtaki mtu kunahitaji kujua na himaya, waliwakamata wote kwa kigezo gani pale barabarani, kabla hata dhana ya New York haijafika mezani?

Suka wa Usiku

Kukamata na kufunga ni mizani mbili tofauti. Hilo niliambiwa na wakili mmoja nikiwa nampeleka uwanja wa ndege, tena akanitajia kesi, nikaisoma baadaye. Inaitwa Maryland dhidi ya Pringle, ya mwaka 2003. Gari lina watu watatu, saa tisa na dakika kumi na sita usiku, kwenye kisanduku cha dashibodi kuna dola 763 zimekunjwa, na nyuma ya kile kiegemeo cha mkono cha siti ya nyuma kuna pakiti tano za kokeni. Wote wakakataa kusema za nani, wote wakakamatwa. Mahakama ya Juu ikasema, majaji wote bila kupingana, kwamba kwa kukamata inatosha: ni haki ya askari kuona kuwa yeyote kati yao au wote watatu wanaweza kuwa wanajua. Ila hiyo ni sababu ya kukamata tu. Kuthibitisha pasipo shaka ni mlima mwingine. (Huyo Pringle mwenyewe baadaye alikiri, kwa hiyo usimfanye mfano wa kuigwa.)

Mkalimani wa Zamu

Suka umelisema vizuri kuliko wakili niliyemtafsiria wiki iliyopita.

Dada, umetaja grinkadi, na hapa sipiti haraka. Sheria ya uhamiaji inamfanya mtu asiye raia aweze kuondolewa nchini kwa kutiwa hatiani kwa kosa la kuwa na bunduki kinyume cha sheria, hata awe ameishi hapa miaka mingi. Kwa hiyo likija pendekezo la kukiri kosa dogo ili arudi nyumbani kesho, utamu wake uko mbele na mfupa uko nyuma. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukiri kutamhatarisha kufukuzwa nchini. Muulizeni hivi, kwa maneno haya: "Akikiri kosa hili hasa, uhamiaji watalionaje?" Akisema hajui, aulize wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini. Shtaka la bastola yenye risasi nje ya nyumbani mwako huko New York ni zito, kifungo chake kinaweza kufika miaka 15, ndiyo maana pendekezo lolote dogo litaonekana kama neema.

Lingine la wakili: uhalali wa upekuzi wenyewe. Kwa sheria ya shirikisho, abiria ana shida kulalamikia upekuzi wa gari lisilo lake. Kesi ya Rakas ya mwaka 1978 ilimnyima abiria haki hiyo, na humo pia bunduki ilikuwa chini ya siti ya abiria wa mbele. Kupinga kusimamishwa kwa gari anaweza, kupinga kupekuliwa ni hadithi nyingine. Lakini New York mwaka 1987, kesi ya Millan, ilisema serikali ikimshtaki abiria kwa kutegemea ile dhana ya gari peke yake, haiwezi tena kumwambia "gari halikuhusu". Huwezi kumwambia mtu bastola ni yako lakini mahali ilipokuwa hapakuhusu. Kwa hiyo ile taa ya nyuma na hicho "kilichoendelea katikati" usichokijua vizuri, huenda ndiko kesi iliko.

DadaMkubwa

Wakili amejibu! Amesema swali la siti ni zuri na ameomba video zote. Akauliza nimelitoa wapi. Nimemwambia kwa mama mmoja.

Uhamiaji amesema ataomba mtaalamu, kesi inatajwa tena Alhamisi, na ameomba mkalimani wa Kiswahili awepo.

Mama ulisema utarudia la simu. Huwa anapiga saa mbili usiku, na leo atapiga. Kuna mengi nataka kumuuliza kuhusu usiku ule.

Mkalimani wa Zamu

Usimuulize hata moja.

Simu za jela zinarekodiwa zote isipokuwa za wakili. Ile sauti ya mashine inayosema hivyo mwanzoni si mapambo. Na msidhani Kiswahili ni pazia. Mimi nimelipwa kwa saa kusikiliza simu hizo na kuziandika kwa Kiingereza, kila "eeh" na kila kikohozi.

Kuna moja sitaisahau. Mshtakiwa anamwambia mkewe: "Mwambie kaka asiuguse ule mzigo mpaka nitoke." Aliyetafsiri kabla yangu aliandika neno la Kiingereza ambalo ukilisoma unaona dawa za kulevya au silaha. Nikaitwa kuisikiliza upya. Nikaisikiliza mara tisa. Nyuma kuna mtoto analia na mkewe anauliza, "Lile pipa?" Ni pipa la bluu la nguo na mchele walilokuwa wanajaza kutuma nyumbani. Ilichukua nusu siku ya mahakama, mawakili wawili na mimi kizimbani naulizwa "mzigo" una maana ngapi kwa Kiswahili. Nilizitaja saba. Jaji akauliza kama ninatania.

Mdogo wako akipiga, muulize kama amekula. Kama ana blanketi la kutosha, muulize. Mweleze harusi ya nani inafuata, shangazi kasema nini, timu yake imefungwa ngapi. Akianza "dada, usiku ule…", mkatize, mwambie hayo ya wakili. Atanuna. Mwache anune.

DadaMkubwa

Imefungwa tatu bila. Atanuna kwa hilo kuliko yote.

Saa mbili kasoro dakika tano. Nimezima televisheni.